Jibu: Mwanangu anauliza 29 Februari yake imeenda wapi

Dada, umesema binti yako kazaliwa 29 Februari, na mwaka huu kaangalia kalenda, tarehe yake haipo, akalia. Usimjibu "ndivyo ilivyo". Atarudi tu na swali jingine.

Chukua chungwa, likate robo nne. Mwambie dunia huzunguka jua kwa siku 365 na karibu saa sita, yaani robo ya siku. Kila mwaka weka robo moja kwenye sahani. Mwaka wa nne chungwa limetimia: ndiyo siku yake hiyo. (Sasa ale, kabla hajaanza kulichezea.)

Akiuliza nani alianzisha, mtaje Julius Caesar wa Roma. Kalenda yao ilikuwa imeachana na majira, hata mwaka 46 kabla ya Kristo ukarefushwa hadi siku 445! Baadaye makuhani wakakosea hesabu, wakawa wanaongeza siku kila mwaka wa tatu, mpaka Augustus, mtawala wa Roma baada yake, alipowarekebisha.

Ila ile robo haitimii. Inapungukiwa dakika 11 hivi. Kufikia 1582 kosa lilishafika siku 10, Papa Gregory XIII akaamuru zirukwe. Huko Italia na Hispania watu walilala tarehe 4 Oktoba, wakaamka tarehe 15. Wangu alicheka sana hapo. Tangu hapo, miaka ya mamia isiyogawanyika kwa 400 haina 29 Februari: 1900 haikuwa nayo, 2000 ilikuwa nayo, 2100 haitakuwa nayo.

Keki mwachie achague mwenyewe, tarehe 28 au 1 Machi. Atachagua 28, nakuhakikishia.