Hela 20 ya Tabora na shaba nyingine za Mjerumani: unagombea ipi mnadani, na kwa bei gani

Mkuu, umeuliza mambo mawili na nitayajibu pamoja kwa sababu yanagusana. Umeona hela 20 (Heller) ya Tabora, sarafu ya koloni la Mjerumani ya mwaka 1916, ya shaba nyekundu, kwenye mnada wa Ujerumani, makadirio euro 150, ukaweka picha yake hapa, na unataka kujua kama ni ya kugombea. Tena mjomba wako wa Pangani ana kopo la hela za Mjerumani, na jirani amemwambia azisugue kwa ndimu na majivu ndipo zipate bei. Naanza na la mjomba kwa sababu ndilo lenye haraka. Mpigie simu leo, mwambie asisugue hata moja.

Fedha na dhahabu zina bei hata zikiyeyushwa. Hela moja ya shaba ni gramu 4 tu za madini, na kwa mnunuzi wa vyuma chakavu haifiki hata bei ya kikombe cha kahawa. Kinacholipiwa mnadani ni ngozi yake: ile rangi ya kahawia iliyojijenga taratibu kwa zaidi ya miaka mia, na pale penye bahati, mabaki ya wekundu wa kiwandani yaliyojificha katikati ya herufi na chini ya taji. Ndimu huila ngozi hiyo kwa dakika chache. Sarafu inatoka na rangi ya waridi iliyopauka, na ukiigeuza kwenye mwanga unaona michirizi myembamba imeenea uso mzima. Dalali wa Kijerumani akiipokea anaandika "gereinigt", yaani imesafishwa, na wanunuzi wazito wanaipita. Nimeshawahi kufuatilia hela mbili za mwaka mmoja na herufi moja, zimechakaa sawasawa, moja ya kahawia safi na nyingine imesuguliwa, zikiuzwa katika mnada mmoja. Iliyosuguliwa iliachwa mbali sana kwa bei. Na ngozi ikishatoka haina dawa. Hizo rangi za kupaka ili ionekane ya zamani mtu mwenye jicho anazitambua hata kwenye picha.

Kama kuna mafuta au uchafu unaonata, asetoni halisi haidhuru shaba: bakuli la kioo, dirisha wazi, moto mbali, loweka, toa, acha ikauke yenyewe bila kufuta. Isiwe ile ya kutolea rangi ya kucha, ina mafuta na manukato. Zaidi ya hapo, mikono mbali.

Sasa hela zenyewe. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, DOAG, ndiyo iliyoleta pesa za shaba za 1890, 1891 na 1892, zenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, pesa 64 kwa rupia moja. Mwaka 1904 serikali ya koloni ikaanza kutoa sarafu zake na kuigawa rupia katika hela 100. Hapo ndipo zilipozaliwa nusu hela na hela moja za shaba, zenye taji la kifalme na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA. Tafuta herufi ndogo: A ni kiwanda cha Berlin, J ni cha Hamburg. Mwaka 1908 na 1909 Hamburg wakatengeneza hela 5 ya shaba, dude la milimita 37 na gramu 20 hivi, ukiishika unajua umeshika kitu. Haikudumu. Kufika 1913 hela 5 ikawa ndogo, ya nikeli iliyochanganywa na shaba, yenye tundu katikati.

Watu wengi wanachanganya ukongwe na uadimu. Hela moja za 1904 hadi 1913 zilitengenezwa kwa mamilioni, na kopo lolote la pwani limejaa hizo. Zikiwa zimechakaa ni euro chache kila moja, basi. Mwambie mjomba asidanganywe na wale wanaozunguka na hadithi za rupia inayosukuma mchele au yenye zebaki nyekundu ndani. Hakuna mnada wowote duniani unaonunua miujiza, na anayetaka "hela ya kufanyia majaribio" kabla hajalipa ni tapeli, aondoke.

Kwenye lile kopo ningetafuta vitu vitatu. Kwanza nusu hela ya 1906 yenye J. Za 1905 ni mamilioni, lakini hii ya 1906 katalogi zinataja vipande 6,000 tu. Kwa sababu hiyohiyo kuna watu wanaichonga 5 ya mwaka 1905 iwe 6. Chukua lenzi ya sonara, angalia tumbo la ile 6 na eneo linaloizunguka: kama shaba imesukumwa au uso umelainishwa kuzunguka tarakimu moja tu, achana nayo. Pili, hela 5 kubwa ambayo kingo zake hazina mapigo. Uzito wake ndio adui wake, maana kila ilipoanguka sakafuni iliumia, kwa hiyo zilizochakaa zipo tele ila safi zinagombewa kweli. Tatu, kitu ambacho si cha Mjerumani kabisa: senti 10 ya shaba ya Zanzibar ya 1908, ya Sultani Ali bin Hamud, yenye mnazi. Pwani vitu vilichanganyika makopo, na hiyo ikitokea, hata ikiwa imechoka, usimwonyeshe mtu kabla hujaweka picha hapa.

Tuje Tabora, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwangu hakuna sarafu ya shaba inayoeleza vita vile kuliko hii.

Baada ya vita kuanza 1914, manowari za Waingereza zilifunga pwani. Sarafu kutoka Ujerumani zikakoma kuingia, na watu wakaanza kuzificha rupia za fedha. Serikali ikahamia Tabora, ambako reli ya kati ilikuwa imefika 1912 na kulikuwa na karakana. Mafundi wa reli ndio waliogeuzwa kuwa watengeneza fedha. Wakakusanya shaba nyekundu na shaba njano ya vyuma chakavu, yakiwemo maganda ya mizinga, wakatoa hela 5 ya shaba njano, hela 20 ya shaba njano na ya shaba nyekundu, na ile rupia 15 ya dhahabu yenye tembo ambayo kila mtu anaijua. Yote hayo ndani ya 1916, kwani tarehe 19 Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora.

Kwa hiyo unaposhika hela 20 hiyo, usiitafutie usafi wa Berlin. Ina D.O.A. (kifupi cha Deutsch-Ostafrika), taji, mwaka 1916 na T ya Tabora. Mara nyingi haikukaa sawa katikati ya muhuri, upande mmoja ukingo ni mpana na upande wa pili herufi zinakaribia kuanguka nje. Unene unatofautiana, uzito pia. Gramu moja au mbili kati ya kipande na kipande si ajabu, kwa hiyo mizani peke yake haitakuambia kama ni bandia. Taji lina maumbo mawili, kubwa na dogo. Halafu angalia neno HELLER, zile L mbili: ncha zake nyingine zimejikunja, nyingine zimechongoka. Katalogi za Kijerumani zinazipa nambari tofauti kwa kufuata mchanganyiko wa taji, L na madini, na humo ndimo bei zinamoachana. Za shaba nyekundu ni chache kuliko za shaba njano kwa mbali. Ya shaba njano iliyotembea vizuri ni makumi ya euro. Ya shaba nyekundu yenye ngozi nzuri ni zaidi.

Hiyo uliyoiweka nimeikuza picha yake. Dalali ameiandika "vz" (vorzüglich), yaani imetumika kidogo sana, daraja la juu ya "ss" (sehr schön). Mwanzoni utashtuka kwa sababu sehemu ya juu ya taji imefutika, ukadhani imechakaa. Angalia tena. Pale palipochakaa kwa mikono ya watu panakuwa laini na pana rangi hafifu kuliko pembeni. Kwenye hii, hapo juu ya taji rangi ni ileile ya uwanja mzima, na unaona bado mikwaruzo ya bamba lenyewe, ile ya kabla halijapigwa muhuri. Maana yake muhuri haukushuka sawasawa. Taji halikuwahi kutoka. Hiyo ni Tabora, haipunguzi daraja lake machoni mwa anayezijua. Kinachonitia wasiwasi ni lile doa la kijani karibu na T. Kijani kikavu, kigumu, kilichoshikana na uso ni umri tu. Kijani cha unga, kinachoacha vumbi ukikigusa, ni chumvi inayokula shaba na kitaendelea kula hata sarafu ikiwa kabatini. Picha haiwezi kukuambia ni kipi. Waandikie wenye mnada, uliza wazi kama lile doa ni gumu au la unga, na uombe picha ya karibu yenye mwanga wa ubavuni. Dalali makini hujibu. Wakikaa kimya hadi siku ya mnada, mimi nisingeweka dau.

Wakijibu kwamba ni gumu, ingia, lakini piga hesabu kutoka nyuma. Minada mingi ya Ujerumani inapokea dau kuanzia asilimia 80 ya makadirio, yaani hapa euro 120. Juu ya bei ya nyundo, yaani dau la mwisho lililoshinda, kuna ada ya mnunuzi, kwa kawaida kati ya asilimia 20 na 25. Masharti yao yanaeleza ada kwa mnunuzi wa nje ya Umoja wa Ulaya, soma kabla. Halafu usafirishaji, halafu makato ya benki ya kutuma pesa, halafu forodha ikifika huku. Tuseme mfuko wako ni euro 200 kabla ya benki na forodha. Ukiweka dau la juu la 140, ada ya asilimia 20 ni 28, usafirishaji tuseme 30, jumla 198. Ukijiambia "nina 200, naweka 200", umeshajifunga kulipa 270. Dau likikubaliwa ni mkataba, usidhani utaomba kupunguziwa.

Kabla ya kuweka dau pitia mauzo ya nyuma. Kwenye acsearch.info au NumisBids andika 20 Heller 1916, uchambue taji lilelile, L zilezile na madini yaleyale. Usichukue bei moja iliyopaa ukaifanya kipimo, maana watu wawili wenye hasira wanatosha kuipaisha. Angalia wastani wa zile zenye ngozi inayofanana na yako. Weka dau lako la maandishi mapema, lifungie hapo, na siku yenyewe usikae mbele ya skrini ukiongeza kidogokidogo. Kwa hii, kama doa ni gumu, 140 ni dau la haki. Ikipita, iache ipite. Hela 20 za Tabora hurudi minadani, hata za shaba nyekundu.

Kuhusu zile zilizofungwa kwenye plastiki ngumu za NGC au PCGS, kampuni zinazokagua sarafu na kuzipa daraja, ni msaada kwa anayenunua kutoka mbali. Kwa shaba wanaongeza herufi: BN ni kahawia, RB ni mchanganyiko, RD ni nyekundu ya kiwandani. Hakikisha namba ya cheti kwenye tovuti yao na ulinganishe picha, maana plastiki nazo zinaigwa. Lakini kwa Tabora mimi sioni sababu ya kulipa ziada kubwa kwa ajili ya plastiki, kwa sababu uzuri wake uko kwenye makosa yake, na namba ya daraja haiwezi kukueleza hilo.

Ikishafika, hewa ya pwani ndiyo shughuli yako kuu. Chumvi na unyevu wa Dar, Tanga au Pangani ndivyo vinavyoleta ule unga wa kijani. Usitumie zile bahasha za plastiki laini zinazonukia. Zina PVC, na baada ya muda zinaacha ute wa kijani juu ya shaba. Tafuta vishikio vya plastiki ngumu isiyo na PVC au vya kadi vyenye dirisha la mylar (plastiki nyembamba isiyodhuru shaba), weka ndani ya kopo linalofunga barabara pamoja na pakiti za silika, na pakiti hizo uzibadilishe kila zinapolowa, hasa masika. Shika sarafu kwa ukingo, usiguse uso, kwani jasho la kidole linaacha alama isiyotoka. Na kila baada ya miezi michache ifungue uliangalie hilo doa kwa lenzi. Ukiona limeanza kuwa la unga, itenge na nyingine siku hiyohiyo.