Kishikwambi kimoja, watoto sitini

Tangu vishikwambi vya makarani wa Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 vigawiwe kwa walimu, wenzangu wananiuliza swali lile lile: kifaa kimoja, darasa la watoto sitini na ushee, unafundishaje? Kwanza, usikigeuze runinga. Ukikinyanyua mbele ya darasa ili watoto waone video, wa mbele wataona video, wa katikati wataona mkono wako, na wa nyuma wataanza mambo yao.

Watu hupenda kutolea mfano Tanga. Kweli, katika shindano la Global Learning XPRIZE lililomalizika 2019, zaidi ya watoto 2,000 wa vijijini huko walijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili kupitia vishikwambi vilivyochajiwa kwa sola, bila mwalimu kusimama mbele yao. Programu za Kitkit School na onebillion zikagawana ushindi. Siyabezi mafanikio yale, lakini kule kila mtoto alikuwa na chake. Mbinu zao hazihamishiki kirahisi kwenye darasa la kifaa kimoja.

Nafundisha Darasa la Pili, na kilichonisaidia kuliko video zote ni kinasa sauti. Darasa zima likiwa linafanya zoezi la ubaoni, naita watoto watano au sita kwenye dawati la pembeni. Kila mmoja anasoma sentensi tatu huku kifaa kinarekodi, kisha anajisikiliza kwa spika za masikioni, kidole kikifuata maneno kitabuni. Kulikuwa na binti aliyekuwa akimeza silabi za mwisho. "Wanapanda" kwake ilikuwa "wanapa", huyoo, kashakimbilia neno linalofuata. Nimemsahihisha kwa mdomo mpaka nikachoka. Siku aliyojisikia, kidole kilisimama chenyewe juu ya neno. "Mwalimu, nimeiacha *nda*." Akaomba arudie kabla sijasema kitu.

Rekodi hizo zihifadhi kwa jina la mtoto na mwezi. Kwenye kikao cha wazazi, badala ya kumwambia mama kwamba mwanawe "anajitahidi" (neno ambalo halimwambii chochote), msikilizishe rekodi ya Februari halafu ya Juni. Msikilizishe ya mwanawe tu. Na sauti za watoto wa watu zisiende kwenye magrupu ya WhatsApp, hata kama umefurahi kiasi gani.

Kikundi kikifanya kazi pamoja, kifaa kilale juu ya dawati, kisishikwe mkononi. Sheria yangu ni moja: anayegusa hasemi, anayesema hagusi. Mwenye zamu ya kugusa anafuata maelekezo ya wenzake. Bila hivyo, yule mwenye simu ya kuchezea nyumbani atakimaliza kipindi peke yake, na wengine watabaki kumchungulia begani. Mwanzoni watapiga kelele sana, wavumilie.

Usitegemee bando darasani. Pakua kila kitu usiku uliotangulia, ukifungue kifaa kikiwa hakina data uhakikishe kinafunguka. Tovuti ya African Storybook ina hadithi fupi za Kiswahili za bure, zenye picha na zilizopangwa kwa viwango, na unaweza kuzihifadhi ukazisoma bila intaneti. Hadithi moja inatosha kwa wiki. Na kama unatumia simu yako mwenyewe, zima data kabla ya kipindi, la sivyo ujumbe wa kikoba utatokea kwenye kioo katikati ya hadithi ya sungura, na watoto wa siku hizi wanasoma haraka mambo yasiyowahusu.

Spika za masikioni nunua za waya, za bei ndogo, uwe na za akiba. Mvua ikianza kupiga bati, sauti ya kifaa chenyewe haisikiki hata kwa mtoto aliyekiinamia.

Shule nyingine zina vifaa vya pamoja, na mwalimu mkuu kavifungia kabatini visiharibike. Usiende kuomba vyote. Omba kimoja, kwa vipindi viwili vya kusoma kwa wiki, na uende na daftari la kusaini kutoa na kurudisha. Ukishakirudisha kizima mara kadhaa, omba cha pili.