Postikadi za vivutio: anza na maandishi, picha baadaye
Mwalimu, umeuliza watoto wa miaka minane watajifunzaje vivutio vya utalii vya mkoa wao kwa kutengeneza postikadi, bila kipindi kugeuka kuwa cha kuchora tu. Mimi huanza na upande wa maandishi. Kila mtoto amwandikie mtu ambaye hajawahi kufika huko: pana nini, kilitokeaje, na ukisimama pale unasikia nini. Hilo la pili ndilo litakalowafanya waulize. Kata manila sentimita 10.5 kwa 14.8, yaani robo ya A4. Mstari katikati, anwani kulia. Picha iwe ya kitu kimoja. Ukisema "chora mlima" utaletewa pembetatu thelathini (nimeziona!), lakini jiwe moja lenye ufa mtoto atalikazia macho. Halafu zipelekeni posta kwelikweli, na stempu.