Je, bakteria wa kichwani ndio wanaomaliza nywele zangu?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanamume wa miaka 34. Nywele zinapungua utosini na kwenye panja. Nilisoma kwamba chanzo ni bakteria wa ngozi, nikaanza kuosha kichwa kwa sabuni ya kuua vijidudu asubuhi na jioni. Nywele hazirudi, na sasa kichwa kinawasha. Niendelee?

Jibu: Marahaba. Hapana, iache leo hii. Huko kuwashwa ni ngozi iliyokaushwa mafuta yake.

Kila unywele umeota ndani ya kifuko kilichozama kwenye ngozi, na humo wanaishi bakteria kama *Cutibacterium acnes* na *Staphylococcus epidermidis*. Kwa kawaida hawana ugomvi nawe. Tena mwaka 2021 watafiti wa Johns Hopkins walionyesha kwamba panya waliolelewa bila kijidudu chochote, wakipata jeraha, huotesha nywele mpya chache pale kidonda kinapofunga kuliko panya wenye bakteria. Bakteria huamsha interleukini-1 beta, ishara ya kinga inayozisukuma seli za ngozi zijijenge upya. Lakini wale ni panya, na lile ni jeraha, si upara. Usiache kuoga kwa ajili hiyo!

Upara wa utosini na kwenye panja kwa mwanamume kwa kawaida ni wa kurithi: homoni ya kiume iitwayo DHT husinyaza vifuko taratibu. Kweli, bakteria wa sehemu hiyo huweza kutofautiana na wa kwingine, ila kumkuta nzi kwenye kidonda si ushahidi kwamba ndiye aliyekata.

Upo ugonjwa mmoja wa kumaliza nywele, *folliculitis decalvans*, ambao bakteria nao hushukiwa sana, hasa *Staphylococcus aureus*. Jikague kwenye mwanga: kuna vipele vya usaha, magamba, maumivu, au nywele tano sita zinazochomoza kwenye tundu moja, kando yake ngozi laini inayong'aa isiyo na tundu lolote? Hilo ni kovu, na hapo nywele hazioti tena. Muone daktari wa ngozi upesi. Huenda akakuandikia antibayotiki za kumeza, mara nyingine rifampisini pamoja na klindamisini. Usijinunulie mwenyewe. (Mapunye ya watoto ni fangasi, habari nyingine kabisa.)

Usipoona dalili hizo, rudi kwenye shampuu ya kawaida, kisha zungumza na daktari au mfamasia kuhusu minoksidili, dawa ya kupaka ya kusaidia nywele kuota. Ipe miezi minne hadi sita. Wiki za mwanzo nywele zinaweza kunyonyoka zaidi. Usiikatize kwa sababu hiyo.