Kabla Hujaitupa Redio ya Sebuleni

Kila binti yangu anapokuja likizo hapa Tanga, husimama mbele ya kabati la sebuleni akaniuliza: "Baba, hii redio bado unaiweka ya nini?" Anauliza kwa adabu, na kwa upande wake ana hoja, kwa sababu simu iliyo mkononi mwake inampa nyimbo nyingi kuliko zitakazowahi kuingia katika nyumba hii kwa njia ya kaseti na CD. Redio yenyewe ni ile mini ya mwishoni mwa miaka ya 1990, yenye deki mbili za kaseti, sinia ya CD tatu na spika mbili za mbao. Niliinunua Darajani, Unguja, mwaka 1999, nikaivusha kwa boti hadi Dar es Salaam na kuipandisha basi mpaka nyumbani, nikiwa nimepakata spika moja safari nzima.

Naandika makala haya kwa ajili ya wale wenye redio kama hiyo na ambao watoto wao wanawauliza swali kama hilo. Nimejifunza kwamba kuuliza "redio au simu?" ni kuuliza vibaya, kwa sababu redio ya aina hii si kitu kimoja. Ni vifaa kadhaa vilivyowekwa ndani ya boksi moja, na havizeeki kwa pamoja.

Vinavyokufa kwanza ni vile vinavyozunguka. Mikanda ya mpira inayoendesha kaseti hulegea, na baadhi yake huyeyuka ikawa nyeusi na ya kunata kama lami, na hapo sauti ya mwimbaji huanza kuyumba kama mtu anayeimba huku akitikiswa. Lenzi ya CD hushika vumbi, na mwanga wake hudhoofika kadiri miaka inavyokwenda. Lakini amplifaya, yaani sehemu inayokuza sauti, ambayo haina kinachotembea ndani yake, inaweza kudumu miongo kadhaa. Spika nazo hudumu, isipokuwa ule ukingo wa sponji unaoshikilia koni, ambao joto na unyevu wa pwani huumaliza taratibu. Mwaka 2016 niliona sauti nzito imepotea na kila noti ya besi inatoa mlio wa kupasuka, nikadhani redio imefika mwisho. Nilipotoa kitambaa cha mbele na kugusa ukingo ule, ulibaki kwenye kidole changu kama makombo ya keki. Fundi alibandika ukingo mpya wa mpira kwenye spika zote mbili, na sauti ikarudi kama ilivyokuwa. Kwa hiyo, kabla hujasema redio imechoka, fungua kitambaa utazame. Na kama sauti inakwaruza unapozungusha kitufe cha kuongezea, au upande mmoja unakatika na kurudi, mara nyingi ni uchafu ndani ya kitufe hicho, na dawa ya kusafishia ambayo kila fundi redio anayo humaliza kazi kwa dakika chache.

Jambo moja linastahili onyo la pekee, kwa sababu liliniumiza. Mwaka 2018, redio yangu ikiwa kwa fundi, nilinunua nyingine ya mtumba iliyotoka Japani, safi na nzuri kwa kuitazama. Nilipoichomeka taa zake ziliwaka vizuri kwa muda mfupi, kisha ikaja harufu ya vanishi inayoungua na moshi mwembamba ukatoka katika matundu ya nyuma. Japani hutumia umeme wa volti 100, na wetu ni volti 230. Muuzaji hakuniambia, nami sikusoma kibandiko cha nyuma. Hata kama ningetumia transfoma ya kushushia umeme, bado ningepata tatizo jingine, kwani masafa ya FM ya Japani huanzia megahezi 76 na redio nyingi za zamani za huko huishia 90, ilhali vituo vyetu viko kati ya 88 na 108. Mwenye gari lililotoka Japani analijua hili vizuri. Igeuze redio usome nyuma kabla hujatoa pesa, na ikiwa ni ya zile zilizotengenezwa kwa soko la Ghuba, zenye swichi ya kuchagua volti, hakikisha mshale uko kwenye 220 hadi 240 kabla plagi haijagusa soketi.

Sasa nizungumzie muziki wa mtandaoni, ambao siudharau hata kidogo. Spotify ilipofunguliwa Tanzania na Kenya mwezi Februari mwaka 2021, binti yangu alinifungulia akaunti, na usiku ule nilikaa mpaka saa nane nikitafuta nyimbo za dansi ambazo sikuzisikia tangu ujana wangu. Baadhi nilizipata, zikiwa na sauti safi kuliko kaseti niliyokuwa nayo. Ninachomwomba msomaji ni kupiga hesabu kabla hajaamua kwamba huo ndio utakuwa muziki wake wote. Muziki unaopigwa kwa kiwango cha kilobiti 160 kwa sekunde hula megabaiti 72 kwa saa. Nyumba inayosikiliza saa tatu kwa siku itatumia karibu gigabaiti 6.5 kwa mwezi, na kwa kiwango cha juu cha kilobiti 320 hesabu hiyo inakuwa mara mbili. Asiye na intaneti ya nyumbani atazilipia gigabaiti hizo kwa bando, juu ya ada ya mwezi kama anailipia huduma yenyewe. Unaweza kupakua nyimbo mahali penye intaneti nafuu ukazisikiliza baadaye, nami hufanya hivyo, lakini ulichopakua si mali yako: Spotify hutaka simu iingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, na ukiacha kulipa, nyimbo ulizopakua haziwezi tena kupigwa. Pia nimewahi kufungua orodha yangu nikakuta wimbo nilioupenda umeondolewa bila maelezo.

Njia ninayoipendekeza ni kuiacha simu ilete muziki na redio iupige. Tazama nyuma ya redio kama kuna matundu mawili, jekundu na jeupe, yaliyoandikwa AUX au LINE IN. Waya wenye kichwa kidogo upande wa simu na vichwa viwili upande wa redio ni rahisi kupatikana, na kifaa kidogo cha kupokelea bluetooth kinafanya kazi hiyo bila kuifunga simu kwenye kabati. Ongeza sauti ya simu karibu na mwisho, kisha dhibiti kwa kitufe cha redio, maana ukifanya kinyume utasikia mvumo. Ukisikia mlio mwembamba usiokoma, jaribu kukiwasha kifaa cha bluetooth kwa pawabanki, kwani chaja za bei ya chini mara nyingi ndizo zinazoingiza kelele hizo. Kama redio haina AUX, mafundi wengi siku hizi hufunga ndani yake ubao mdogo wenye bluetooth na sehemu ya flashi, ule ule unaowekwa kwenye sabufa, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kununua spika mpya zenye sauti ya kiwango hicho. Ikiwa transfoma imeungua na haipatikani nyingine, basi mwachie fundi boksi la redio kwa ajili ya vipuri, lakini spika zibaki nyumbani, kwa sababu zitafungwa kwenye amplifaya yoyote ndogo inayolingana nazo kwa omu, kile kipimo cha ukinzani wa umeme ambacho kwa kawaida huandikwa nyuma ya spika.

Hata hivyo sababu kubwa ya kuitunza deki ya kaseti haimo katika hayo yote. Mimi nina kaseti ya harusi ya dada yangu iliyofanyika Pangani mwaka 1991, na ndani yake bibi yetu, ambaye sasa ni marehemu, anaongoza vugo, ngoma ya wanawake ya harusini, na wanawake wengine wanamwitikia. Hakuna huduma ya mtandaoni iliyo nayo sauti ile, wala haitakuwa nayo, isipokuwa mmoja wetu aitoe kwenye utepe. Naamini nyumba nyingi za mwambao zina kaseti za namna hiyo ndani ya boksi la viatu: mawaidha ya mzee, taarabu iliyorekodiwa ukumbini, salamu za ndugu aliyekuwa ng'ambo. Deki inayoweza kuzisoma ikitupwa, kaseti hizo zinageuka plastiki.

Kazi yenyewe inahitaji uvumilivu kuliko utaalamu. Kwanza vunja vile vijino viwili vya plastiki vilivyo ukingoni mwa kaseti, ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Chungulia katikati ya mdomo wa kaseti uone kama kile kisponji kidogo kinachoukandamiza utepe kwenye hedi, yaani kichwa cha deki kinachousoma utepe, bado kipo, kwa maana gundi yake hukauka kikadondoka, na bila hicho sauti hufifia. Safisha hedi na kigurudumu cha mpira kwa pamba yenye spiriti safi, peleka utepe mbele hadi mwisho na uurudishe wote, kisha ndipo upige. Unganisha tundu la hedifoni la redio na kompyuta kupitia kadi ndogo ya sauti ya nje yenye tundu la kuingizia sauti kwa pande zote mbili, kwani tundu la maikrofoni la kompyuta nyingi za mapajani hupokea upande mmoja tu. Programu ya bure ya Audacity inatosha kabisa. Rekodi kwa kiwango cha CD, bila kulibana faili. Kaseti ya dakika 90 itachukua karibu megabaiti 950 na dakika 90 kamili, kwa maana hakuna njia ya kuiharakisha. Hifadhi nakala mahali pawili.

Ile ya harusi niliimaliza mwaka jana, nikamtumia dada yangu aliyeko Maskati. Alinipigia usiku huo huo, akaniambia ameirudia mara nyingi ile dakika ya 23, pale bibi anapolitaja jina lake katikati ya wimbo na wanawake wote wanapiga vigelegele. Zimebaki kaseti 11, na mkanda wa deki ya kwanza umeanza kulegea tena, kwa hiyo nafanya moja kila Ijumaa jioni.