Usitafute pa kuingilia mtoni, tafuta pa kutokea

SWALI: Habari fundi. Niko Bukavu, mtaa wa Nguba. Shemeji yangu anaishi Marekani, jimbo la Montana. Alipokuja likizo aliniachia ufito wake wa kuvulia na suruali ya mpira inayofika kifuani. Kule kwao anaingia hadi kiunoni katika mto mkubwa na kuvua trauti amesimama majini. Nami nataka kufanya hivyo kwenye mto wetu wa Ruzizi. Niingilie wapi pasipo na hatari, na nitapajuaje? Na je, trauti wapo?

JIBU: Aksanti, ndugu yangu. Nianze na la mwisho maana ni fupi. Trauti hayupo Ruzizi. Ni samaki wa maji baridi, na maji yakizidi nyuzi 20 hivi anaanza kutaabika. Ruzizi inakunywa maji ya juu ya Ziwa Kivu, na hayo ni kama nyuzi 23 au 24. Hata ungeyavuta ya chini ya ziwa usingepata baridi, maana Kivu ni ziwa la ajabu: kule chini, kwenye maji yenye gesi iliyoyeyuka, kuna joto kuliko juu. Wakenya ndio wenye trauti, kwenye vijito vya Mlima Kenya na Aberdare, tangu alipoletwa mwaka 1905. Wewe kwenye Ruzizi utakutana na samaki wa jamii ya barbusi, mwenye ndevu mdomoni na anayependa mkondo. Akishika ndoana anavuta kweli, kwa hiyo ufito wa shemeji hautakaa bure.

Sasa la kuingia majini. Mimi ni mpima maji wa mito. Naingia kwa ajili ya mshahara, nikiwa na kamba kiunoni na mwenzangu ukingoni, na bado yapo maji ninayoyakataa. Wageni wote huuliza kama ulivyouliza wewe: niingilie wapi? Wanatafuta njia nzuri ya kushukia, mchanga laini, kivuli. Mimi nikifika mtoni natazama kwanza chini, kule maji yanakokwenda. Nikiteleza hapa, mkondo utanipeleka wapi? Ukinipeleka kwenye maji mapana yaliyotulia, yenye changarawe ukingoni, hapo panaingilika hata kama njia ya kushuka ni mbaya. Ukinipeleka kwenye mawe makubwa, kwenye mti ulioanguka ambao maji yanapita katikati ya matawi yake, au kwenye ukuta wa udongo ulionyooka, siingii hata maji yakiwa ya magoti. Mti ulioanguka ndio ninaouogopa kuliko yote. Maji yanapita, mtu anabaki.

Ukiridhika na huko chini, ndipo utazame hapo uliposimama. Mto ukipinda, upande wa nje wa kona ndipo maji yanapochimba. Kina ni kirefu na ukingo umeliwa kwa chini, unaweza kuporomoka nawe. Upande wa ndani mto unaacha mchanga na changarawe, na chini panashuka polepole. Huko ndiko kwa miguu. Picha za satelaiti kwenye simu zinasaidia, hasa zilizopigwa kiangazi, Juni hadi Agosti, ambapo changarawe huonekana kama madoa meupe. Lakini picha ni ya siku ile, na mvua za msimu mmoja zinaweza kuhamisha kila kitu. Nawaamini zaidi wachimba mchanga. Wao wamesimama majini tangu asubuhi na wanajua shimo la mwaka huu liko wapi. Njia ya ng'ombe nayo ni ushahidi mzuri: mchungaji hapitishi mali ya watu mahali asipopajua.

Halafu kuna hesabu, na hii usiipite. Chukua kijiti, kitupe majini, upime sekunde zinazopita mpaka kimalize mita 10. Sekunde 10 ni mwendo wa mita 1 kwa sekunde. Zidisha kwa kina cha maji kwa mita. Wapima maji wa Marekani wanafanya hivyo kwa futi, na jibu likifika 10 hawaingii. Kwa mita zetu hiyo ni kama 0.9. Wao wamezoea. Wewe unayeanza, weka mpaka wako kwenye 0.5. Maana yake, mkondo wa mita 1 kwa sekunde unakuruhusu magoti tu. Mapajani tayari ni 0.7. Watu hutazama kina na kudharau mwendo, wakati mwendo ndio mbaya zaidi: maji yakienda kasi mara mbili, yanakusukuma kwa nguvu mara nne. Ndiyo maana Muzee fulani anaoga ziwani maji yakiwa shingoni bila wasiwasi, na maji ya mapajani mtoni yanaangusha kijana mwenye nguvu.

Hadi hapa nimezungumzia mto wowote. Ruzizi ina mambo yake mawili.

La kwanza ni baraji, yaani mabwawa ya mitambo ya umeme. Chini kidogo ya mahali maji yanapotoka ziwani kuna Ruzizi ya kwanza, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950, na mbele yake Ruzizi ya pili ya mwaka 1989. Mitambo ya umeme haifuati mvua, inafuata haja ya watu. Jioni taa zinapowashwa, maji mengi zaidi yanaweza kupitishwa, na mto unapanda huku mbingu ni safi. Muulize shemeji, wavuvi wa Marekani wanalijua hili vizuri. Mto White kule Arkansas una trauti kwa sababu hiyo hiyo ya baraji: maji yanatolewa chini kabisa ya bwawa la Bull Shoals, yakiwa baridi, katika jimbo la joto. Samaki anafurahia, lakini mvuvi anayesimama katikati lazima ajue saa za mitambo na asikie honi inapolia, maana maji yanaweza kupanda zaidi ya mita moja. Usiingie Ruzizi ukitegemea honi.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, kwenye mto mwingine wenye baraji ndogo, niliacha viatu na simu juu ya jiwe kavu. Nilipogeuka kuvichukua, jiwe halikuwepo. Tangu siku hiyo nachomeka kijiti mahali maji yanapogusa nchi kavu, na nakitazama kila baada ya dakika 10. Kikizama vidole viwili, natoka kwanza, maswali baadaye. Ruzizi inakupa alama nyingine bila malipo, zile chupa za plastiki za mji wetu. Ukiona chupa zilizokuwa zimelala ukingoni zinaanza safari, nawe anza safari ya kurudi juu.

La pili ni mpaka. Ng'ambo ni Rwanda, na kuanzia tambarare ya chini ni Burundi. Mtu anayesogea katikati ya mto na fimbo ndefu mkononi, amevaa nguo asizozijua mtu yeyote, askari wa pande zote mbili watamtazama kwa jicho lao. Kabla ya kushuka, jionyeshe kwa chifu wa kijiji na kwa askari walioko hapo. Na simu usiielekeze kwenye daraja wala kwenye baraji.

Kwa hiyo wapi? Kati ya Bukavu na Kamanyola, usiingie popote. Ruzizi inashuka karibu mita 700 kabla ya kufika Tanganyika, na sehemu kubwa ya mteremko huo iko kwenye korongo hilo. Ukipita kwa gari kwenye barabara ya mlimani ya Ngomo na kutazama bonde, utanielewa. Kamanyola ndipo mto unapotoka milimani na kupanuka, lakini bado ni maji ya baraji. Vua ukiwa ukingoni, upande wa ndani wa kona. Ukiendelea kuelekea Uvira unaingia nchi ya mamba na viboko, ambao sisi wa Kivu hatuna mazoea nao kwa sababu ziwa letu halina. Na penye maji yaliyolala kwenye matete kuna konokono wa kichocho. Huko suruali ya mpira ni kinga nzuri, mradi haivuji.

Hamu ya kusimama majini imalizie kwenye kijito kinachoshuka milimani, kiangazi, asubuhi, pamoja na mtu wa kubaki ukingoni. Shika fimbo imara upande wa juu, mkondo unakotoka, uiegemee unapokabili maji. Tembea ubavu, mguu mmoja usogee baada ya mwingine kukaa imara, bila kuipishanisha. Ukianguka, lala chali, miguu mbele kuelekea mto unakokwenda, na usijaribu kusimama maji yakiwa na kasi: mguu ukinaswa kati ya mawe, mkondo unakulaza kifudifudi. Piga mikono ukielekea ukingoni kwa mshazari.

Watu watakuambia suruali ikijaa maji itakuzamisha. Si hivyo, maji ndani ya maji hayana uzito. Shida inakuja unapotaka kutoka, unabeba ndoo kadhaa miguuni. Funga mkanda imara kiunoni juu yake ili maji yasishuke. Kabla ya yote, ivae ziwani, mahali pa kina kifupi pasipo na mawimbi, uiache ijae makusudi mwenzako akiwa karibu, ujifunze kutoka nayo. Utaona pia inakovuja. Fundi wa baiskeli ataiziba kwa gundi na kipande cha chubu.