Saki 13 au saki 5: mvamizi yupi wa chuo achaguliwe mapema zaidi kwenye drafti ya NFL?

SWALI: Kocha, salaam. Mimi na wenzangu hapa Minneapolis tunafuatilia sana futiboli ya Kimarekani, na kila mwaka inapokaribia drafti ya NFL mwezi Aprili, pale timu za ligi hiyo ya kulipwa zinapochagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, tunabishana juu ya wavamizi wa kwotabeki, yaani walinzi wanaomkimbilia mrusha pasi, wanaotoka vyuoni. Safari hii ubishi ni juu ya vijana wawili. Mmoja amemaliza msimu na saki 13 (saki ni kumwangusha kwotabeki nyuma ya mstari wa kuanzia mchezo kabla hajaachia mpira) katika konferensi ndogo, yaani kundi la vyuo vinavyoshindana, na mbio zake za yadi 40 ni za kawaida. Mwingine anacheza konferensi ya SEC, moja ya zile kubwa zaidi, na ana saki 5 tu, ila ni mrefu, ana mikono mirefu na kasi yake inashangaza kwa mtu wa uzito wake. Wachambuzi wengi wanamweka huyu wa pili juu. Je, maskauti wanapima nini hasa, na takwimu zina uzito gani?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na jibu lenyewe. Idadi ya saki ni miongoni mwa vitu vya mwisho ninavyovitazama, na mbio za yadi 40 hazipo mbali nayo. Kinachopaswa kutafutwa ni mara ngapi kijana anamshinda mtu aliyewekwa kumzuia, anamshinda kwa njia gani, mzuiaji huyo ni wa kiwango gani, na kama mwili wake utamruhusu kuirudia njia hiyo mbele ya wanaume wa kilo 140 wanaolipwa mamilioni kwa kazi ya kumzuia.

Saki ni kama goli katika soka: mshambuliaji mmoja hufunga kwa sababu kipa ameteleza, na mwingine hutengeneza nafasi sita safi asiambulie kitu. Ukizitazama saki 13 za msimu mmoja wa chuo, moja baada ya nyingine, utakuta zipo ambazo hakuna aliyemzuia kabisa kwa sababu safu ya mbele ya wapinzani ilichanganyikiwa. Zipo ambazo mabeki wa nyuma waliwabana wapokeaji kwa muda mrefu mpaka kwotabeki akakosa pa kurusha, na zipo ambazo mwenzake wa upande wa pili ndiye aliyemshinda mzuiaji, kisha kwotabeki akakimbilia mikononi mwa huyu mnayemsifu. Zote zinaandikwa sawasawa na ile moja ambayo kijana alimpita mzuiaji bora wa konferensi kwa ustadi wake mwenyewe.

Ndiyo maana tunahesabu presha, yaani kila uvamizi uliomfikia kwotabeki, ukamgonga, ukamharakisha au ukamtoa pale aliposimama, hata kama mpira uliwahi kuondoka. Presha ni nyingi kuliko saki, kwa hiyo bahati ina nafasi ndogo zaidi ndani yake, na anayezileta kwa wingi msimu huu ana uwezekano mkubwa wa kuzileta msimu ujao. Hesabu hiyo lazima igawanywe kwa idadi ya mara alizovamia. Tuchukue mfano wa kufikirika: kijana wa saki 13 ana presha 40 katika mara 400, ambayo ni asilimia 10, na yule wa saki 5 ana presha 54 katika mara 300, ambayo ni asilimia 18. Kwa kawaida presha hugeuka saki kama mara moja katika tano au sita. Wa kwanza amegeuza karibu moja katika kila tatu, kiwango ambacho ni vigumu sana kukidumisha, na wa pili chini ya moja katika kila kumi, jambo ambalo mara nyingi hujirekebisha lenyewe. Kama hesabu za vijana wenu zingefanana na hizi, ubishi ungekuwa umekwisha kabla hatujafungua video.

Hata presha zinahitaji kuchujwa. Mchezo wa vyuoni umejaa pasi za haraka na michezo ambayo kwotabeki anaamua kukimbiza au kurusha baada ya kumsoma beki mmoja. Kanuni zenyewe zinaisaidia michezo hiyo, kwa kuwa chuoni wazuiaji wa mbele wanaruhusiwa kusogea hadi yadi 3 mbele ya mstari kabla ya pasi kurushwa, wakati NFL inawaruhusu yadi 1 tu. Matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya uvamizi wa kijana wa chuo haimpi nafasi ya kweli ya kushinda, kwa sababu mpira umeshaondoka kabla hajapiga hatua ya tatu. Ninachokitenga na kukitazama peke yake ni jaribio la tatu (timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10) lenye yadi 7 au zaidi zilizobaki, pale ambapo uwanja mzima unajua kwamba pasi inakuja, mzuiaji anarudi nyuma kumsubiri, na hakuna danganyo la kukimbiza mpira. Hali hiyo ndiyo inayofanana na kazi atakayoajiriwa kuifanya.

Sasa tuje kwenye video, ambako ndiko kunakochukua muda wangu mwingi. Kitu cha kwanza ni kuondoka: mpira unapoanza kusogea mikononi mwa senta, anayeuanzisha mchezo, je, kijana anaondoka pamoja nao au anasubiri kumwona mzuiaji akinyanyuka? Hatua mbili za mwanzo ndizo zinazomlazimisha mzuiaji kuharakisha kurudi nyuma, na mzuiaji anayeharakisha hupoteza mizani. Cha pili, na kigumu zaidi kukipata, ni kukata kona. Kwotabeki husimama yadi 7 au 8 nyuma ya mstari, na mvamizi wa pembeni anapofika kwenye kina hicho ni lazima ageuke ghafla kuelekea ndani huku akisukumwa ubavuni. Anayeweza kuinamisha bega, kukunja vifundo vya miguu na kubaki na kasi yake hufika. Yule ambaye nyonga zake zinanyanyuka husukumwa akapitiliza nyuma ya kwotabeki, na ukimwona anapitiliza mara nne katika mechi moja, usitegemee kwamba kocha wa NFL atamfundisha kupinda. Mikono inafundishika, lakini vifundo vya miguu ni vigumu mno kuvibadilisha.

Mikono yenyewe inahitaji jicho la subira. Nauliza kama kijana anaipiga mikono ya mzuiaji kabla haijamshika kifuani, au anasubiri kushikwa ndipo aanze kupigana. Nauliza kama ana njia moja au ana jibu pale njia hiyo inapofungwa: mzuiaji akirudi nje kupita kiasi kwa kuogopa kasi, je, anakatia ndani? Mzuiaji akikaa amesimama wima, je, anaigeuza kasi kuwa nguvu na kumsukuma mpaka mapajani mwa kwotabeki? Mvamizi mwenye mpango huonekana kuanzia robo ya tatu ya mechi, anapoanza kutumia dhidi ya mzuiaji kile alichomzoesha tangu robo ya kwanza. Asiye na mpango hurudia njia ileile mpaka kipenga cha mwisho, na chuoni anaweza kufanikiwa hivyo kwa sababu tu ana nguvu kuliko vijana wa miaka 19.

Vernon Gholston ni mfano ambao kila mwenye kazi hii anapaswa kuusoma kwa makini. Alipata saki 14 akiwa Ohio State mwaka 2007, akaenda kwenye kombaini ya Indianapolis, ambako timu za NFL huwapima vijana kabla ya drafti, na kunyanyua chuma cha paundi 225, sawa na kilo 102, mara 37. New York Jets wakamchagua wa 6 katika drafti ya 2008, na katika misimu mitatu ya NFL hakupata saki hata moja. Alikuwa na takwimu na alikuwa na mwili. Kwa tathmini yangu, kilichokosekana ni hicho nilichokieleza hapo juu: njia ya pili pale ya kwanza inaposhindwa, na mikono inayofanya kazi mapema.

Kuhusu vipimo vya kombaini, yadi 40 ni karibu mita 37, na mvamizi ni nadra kukimbia umbali huo kwa mstari ulionyooka ndani ya mechi. Kipande cha yadi 10 za mwanzo kina maana zaidi, na kwa mtu wa kilo 110 au zaidi, muda unaokaribia sekunde 1.6 ni wa kuheshimiwa. Ninachokithamini kuliko vyote ni mbio za koni tatu, kwa sababu zinamlazimisha kijana kusimama, kugeuka na kuizunguka koni akiwa ameinama, kitu kilicho karibu kabisa na kukata kona. Wenye uzito huo wanaokimbia chini ya sekunde 7 ni wachache, na orodha yao ina uzito wake: Von Miller alitumia sekunde 6.70 mwaka 2011, T.J. Watt 6.79 mwaka 2017, na Maxx Crosby, aliyetoka Eastern Michigan na kusubiri mpaka raundi ya 4 mwaka 2019, alitumia 6.89 kisha akapata saki 10 katika msimu wake wa kwanza na Raiders. Crosby ni ushahidi kwamba mchezaji wa chuo kidogo hapaswi kudharauliwa ikiwa mwili wake unathibitisha kile ambacho video imeonyesha.

Urefu wa mikono hutajwa sana, na kuna sababu: anayemfikia mwenzake kwanza ndiye anayeamua pambano litakwendaje. Hata hivyo mimi siutumii kumkata mtu. Aidan Hutchinson alipimwa mikono ya takriban sentimita 82, mifupi kwa nafasi yake, lakini koni tatu alizikimbia kwa sekunde 6.73 na alikuwa ameshapata saki 14 akiwa Michigan mwaka 2021. Alichaguliwa wa 2 na Detroit mwaka 2022 na amethibitisha ubora wake kila alipokuwa na afya.

Aliyechaguliwa wa 1 mwaka huo, Travon Walker wa Georgia, anatuleta kwenye suala ambalo ninadhani ndilo kiini cha swali lako. Kwa muda wake wote chuoni alipata saki 9.5 tu (nusu huandikwa pale wawili wanapomwangusha kwotabeki pamoja). Lakini Georgia ilimtumia mara kwa mara ndani ya safu, katikati ya wazuiaji wawili, na wakati mwingine ilimrudisha nyuma kufunika pasi. Mtu ambaye kazi yake ni kuziba njia hawezi kupimwa kwa idadi ya mara alizofika. Jacksonville walinunua kile alichoweza kuwa, na baada ya msimu wa kwanza wa saki 3.5 alipata 10 mwaka 2023 na 10.5 mwaka 2024. Danielle Hunter ni mfano mkali zaidi: alipata saki 1.5 katika msimu wake wa mwisho LSU, Minnesota wakamchukua raundi ya 3 mwaka 2015, na mnamo 2018 na 2019 alipata 14.5 kila mwaka. Ninyi wa Minneapolis mnamkumbuka vizuri kuliko mimi.

Hunter alikuwa na miaka 20 siku ya drafti, na umri ni kipimo ambacho mashabiki hukisahau. Terrell Suggs alipata saki 24 akiwa Arizona State mwaka 2002, rekodi ya vyuo tangu NCAA, chama cha michezo ya vyuo, ianze kuzihesabu rasmi mwaka 2000, halafu akakimbia yadi 40 kwa zaidi ya sekunde 4.8 na watu wakaingiwa na shaka. Jarvis Jones wa Georgia aliongoza nchi kwa saki 14.5 mwaka 2012, naye akakimbia kwa zaidi ya sekunde 4.9. Wote wawili walikuwa wazito wa mbio, na wote walichaguliwa raundi ya 1. Suggs alimaliza NFL na saki 139, Jones na 6. Suggs alikuwa na miaka 20 alipokuwa akiwashinda watu waliomzidi umri na alikuwa na nguvu za kuwasukuma. Jones alikuwa na miaka 23 na uzito mdogo, na kasi aliyoitegemea chuoni haikutosha tena. Siku hizi, ambapo wachezaji wengi wanabaki chuoni mpaka miaka 23 au 24, ninauliza tarehe ya kuzaliwa kabla sijauliza saki.

Kuna pia waliouanza mchezo wakiwa wakubwa, na kwao video hueleza kidogo kuliko mwili. Ziggy Ansah alitoka Ghana kwenda kusoma BYU, akaanza futiboli mwaka 2010, na Detroit walimchagua wa 5 mwaka 2013 akiwa na saki 4.5 tu za msimu wake wa mwisho. Mwaka 2015 alipata 14.5. Mwaka huohuo wa 2013 Mkenya Daniel Adongo alisajiliwa na Indianapolis Colts akitoka kwenye raga, nje kabisa ya drafti, akafundishwa ulinzi wa pembeni akiwa hana hata mechi moja ya chuo ya kutazamwa. Hapo timu inawekeza katika muda wa makocha wake, na ni lazima iwe tayari kusubiri.

Kwa vijana wenu wawili, fanyeni hivi. Kwa yule wa saki 13, tafuteni mechi alizokutana na timu za konferensi kubwa, ambazo vyuo vidogo huzicheza mwanzoni mwa msimu, na mtazame majaribio ya tatu peke yake. Akiwa amemshinda mzuiaji wa kiwango hicho kwa njia mbili tofauti, na koni tatu amezikimbia chini ya sekunde 7, mimi ningemchukua raundi ya 2 bila wasiwasi. Kwa yule wa SEC, angalieni alisimama wapi kabla ya mpira kuanza. Kama alikuwa akibanwa ndani kama Walker, na katika zile mara chache alizoachiwa ukingoni akakata kona bila kunyanyuka, anastahili raundi ya 1 na wachambuzi wako sahihi. Lakini kama alikuwa ukingoni msimu mzima, akiwa na mikono ile na kasi ile, na presha zake bado ni chache, basi ningemwacha timu nyingine imchukue, hata akiwa bado anapatikana katika raundi ya 2.